Yule wa Sauti ya Pili

Nilifika Babati nikimfuata mume wangu, aliyekuwa amepangiwa kazi katika ofisi za mkoa. Mkoa wenyewe ulikuwa bado mchanga. Majengo mengine ya serikali yalikuwa yananuka rangi, na mtaani kwetu Maisaka karibu kila nyumba ya kupanga ilikuwa na mgeni: huyu katoka Singida, yule Moshi, mwingine Tanga. Tulisalimiana kwa adabu kubwa kwa sababu hatukujuana. Mume wangu alikuwa na ofisi yake na wenzake. Mimi nilikuwa na binti mdogo wa kushika mkono, na chumba kimoja cha biashara karibu na stendi ambako nilichapa barua za watu, nikatoa fotokopi na kuchoma CD. Jioni ikifika nilikuwa sina pa kwenda. Ndiyo maana nilijiunga na kwaya ya kanisa.

Sikwenda kujaribu. Nilikotoka nilikuwa naimba tangu shule ya msingi, hakuna aliyewahi kunikosoa, na nilijihesabu kuwa mwimbaji kama vile mtu anavyojihesabu kuwa mrefu. Siku ya kwanza ya mazoezi, mwalimu wa kwaya aliniita kwenye kinanda aisikie sauti yangu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu mzima kuliko sisi wengi, mwenyeji wa upande wa Dareda, na alizungumza taratibu kama anayepima kila neno kabla hajaliachia. Alibonyeza noti, nikaimba. Akabonyeza nyingine, nikaimba. Akafunika kinanda kwa kitambaa chake.

"Utaimba sauti ya pili," akaniambia. "Simama pale mwisho, karibu na spika."

Nilikwenda kusimama pale mwisho nikiwa na furaha. Nilidhani karibu na spika ni mahali pa heshima.

Jirani yangu katika mstari wa sauti ya pili alikuwa nesi wa zahanati moja ya pale mjini. Sauti yake ilikuwa safi, haina mikwaruzo, na alikuwa haijui thamani yake. Tukawa marafiki. Tulitoka mazoezini pamoja tukiongozana hadi njia panda ya kwetu, binti yangu akiwa amelala mgongoni mwangu au mgongoni mwake, ilitegemea nani amechoka.

Kazi ya kurekodi niliianza mwenyewe, kwa mapenzi tu. Kompyuta nilikuwa nayo dukani, na mteja mmoja alinipa programu ya bure ya kuhariri sauti ndani ya flashi. Nikawa narekodi kwaya Jumapili, kisha katikati ya wiki, wateja wakipungua, navaa hedifoni na kusafisha. Rekodi ya moja kwa moja ina uchafu wake. Watu wanakohoa, kiti kinaburuzwa, mtoto analia, mama fulani anapiga kigelegele juu ya neno ambalo umelisubiri wimbo mzima. Vitu hivyo nilijifunza kuvipunguza kimoja kimoja.

Kilichonisumbua kuliko vyote kilikuwa makofi. Wimbo ukiisha, watu wanapiga makofi muda mrefu, na huwezi kuyaacha yote kwenye CD. Lazima uyafifishe polepole hadi yaishe, ndipo wimbo unaofuata uingie. Lakini nilipoyafifisha kwa kitufe cha kawaida cha programu, yalikufa vibaya, kama vile ukumbi mzima umebebwa na lori ukapelekwa mbali. Nikaanza kusikiliza jinsi watu wanavyoacha kupiga makofi kweli. Kanisani, wale wanaume wenye viganja vizito ndio wanaochoka kwanza. Yanabaki makofi mepesi, ya kinamama na watoto, nayo yanachelewa chelewa hadi la mwisho. Nikasema, kumbe sauti nzito ishuke kwanza, nyepesi ifuate nyuma.

Programu ile ilikuwa haina kitufe cha hivyo, ila ilikuwa na mlango: uliweza kuandika plagini yako, yaani kijiprogramu kidogo cha mistari michache, ukakichomeka ndani ya ile kubwa nacho kikatokea kwenye orodha kama kazi nyingine. Nilikwenda kwenye intaneti kafe, nikachapisha maelekezo, nikarudi nayo dukani. Ilikuwa mistari ya mabano, mabano ndani ya mabano, na ukisahau kufunga moja tu hakuna kinachofanya kazi. Nilihangaika nayo karibu msimu mzima wa mahindi. Siku iliposhika, nikafifisha makofi ya Jumapili moja na yakaisha kama makofi ya watu. Nilisimama peke yangu dukani nikacheka kwa sauti. Baada ya hapo niliandika plagini nyingine: ya kulainisha kikohozi, ya kuunganisha wimbo na wimbo, na moja niliyoipenda sana, iliyochukua kipande chembamba cha sauti na kukipandisha juu, ili kitu kilichojificha ndani ya kelele kisikike. Wanakwaya wakaanza kuniita fundi. Nilikuwa naona haya, lakini nilipenda.

Kisha likaja tamasha. Kwaya yetu ilialika kwaya nyingine, zikiwemo za Bonga, na mwalimu akataka nyimbo zetu zirekodiwe vizuri zitoke kwenye CD. Aliazima kwa ndugu yake wa Arusha mashine yenye maiki nne, kila sauti ya kwaya na maiki yake, kila maiki na faili lake. Maiki ya sauti ya pili iliwekwa upande wetu wa mwisho, kwa sababu upande wa pili kulikuwa na ngoma. Ilisimama karibu na mdomo wangu.

Ukumbi ulijaa. Watu walikaa madirishani. Tuliimba vizuri, au niliona tumeimba vizuri, na kati ya wimbo mmoja na mwingine binti yangu alimponyoka aliyekuwa amemshika akapanda jukwaani, watu wakacheka, tukaendelea.

Wiki iliyofuata nikaanza kusafisha. Sauti ya kwanza ilikuwa nzuri. Wanaume walikuwa wazuri, isipokuwa mmoja wa besi aliyekuwa akipumua kama ng'ombe. Nilipofungua faili la sauti ya pili, nikashtuka. Kulikuwa na mtu anayeimba chini ya wenzake. Hakuwa amepotea kabisa. Alikuwa chini kidogo tu, kila noti chini kidogo, na mwisho wa kila mstari alibaki akivuta neno wakati wengine wameshalifunga. Ukishamsikia huwezi kuacha kumsikia. Aliharibu nyimbo zote.

Nilikasirika. Nawaeleza jinsi nilivyokuwa, maana hapo ndipo aibu yenyewe ilipolala. Nilianza kupitisha majina ya kinamama wa sauti ya pili kichwani, mmoja mmoja. Nilimfikiria yule wa duka la vitenge, nikasema ni yeye, kwanza huwa anachelewa mazoezi. Nilimfikiria mke wa mhasibu. Sikuwataja kwa mtu, lakini Jumapili niliwatazama kwa jicho lingine wakiimba. Nesi nilimwambia wazi tukiwa njiani.

"Kuna mtu kwenye mstari wetu anatuangusha," nikasema. "Nitampata."

"Ukimpata utamfanyaje?" akaniuliza.

"Aambiwe. Mtu hawezi kuimba hivyo miaka yote na watu wamenyamaza."

Nesi alimhamisha binti yangu kutoka bega moja hadi jingine, akasema binti amekuwa mzito siku hizi.

Nilimwita mwalimu aje dukani asikie. Alikuja mchana mmoja baada ya vipindi, chaki bado kwenye mkono wa koti, na nesi naye akapitia akitoka zamu. Kulikuwa na mzee mmoja anayesubiri fotokopi ya kitambulisho. Nikamwambia mzee avumilie kidogo, mashine inapata moto, kumbe nilitaka tu kumwonyesha mwalimu kazi yangu. Nilichomoa hedifoni ili sauti itoke kwenye spika.

"Shikamoo mwalimu. Karibu ukae. Sikiliza hapa."

"Marahaba," akasema, akakaa.

Nikacheza ubeti wa kwanza. Mwalimu aliinamisha kichwa.

"Unamsikia?"

"Nasikia," akasema. "Mfifishe pale inapowezekana, mama. Yaliyobaki tuyaache. Ni tamasha, watu wataelewa."

"Hapana, mwalimu. Huyu lazima ajulikane. Ngoja nikuonyeshe." Nikaifungua ile plagini yangu ya kupandisha kipande chembamba, nikairekebisha ikakaa juu ya ile sauti. "Sasa nitamtoa peke yake, tumjue."

"Mama," mwalimu akasema, "hakuna haja."

"Dakika moja tu."

Nikabonyeza. Ile sauti ikatoka juu ya wengine, imevimba, iko chini ya noti, inavuta. Wimbo ukaisha, makofi yakaanza, na katikati ya makofi, kwa mdomo uleule, pumzi ileile, mtu akasema kwa ukali, "Shuka huko wewe! Nitakuchapa!" Kisha kinanda kikaingia na mtu yule akaanza kuimba wimbo wa pili.

Sikuisimamisha. Nadhani sikuwa na mikono. Iliendelea kuimba pale dukani, mimi nikiwa nimekaa mbele yake, na nilijua kila mahali itakapovuta pumzi kwa sababu ndipo ninapovutia. Nilimwangalia nesi. Alikuwa anaangalia viatu vyake vyeupe. Nilimwangalia mwalimu, naye alikuwa amefumba macho kama mtu anayeombewa. Hapo ndipo nikajua kwamba hawakushangaa.

Mzee wa fotokopi alinyanyuka polepole. "Mama, nitapita baadaye," akasema, akaenda zake akiwa ameacha kitambulisho chake juu ya mashine.

Nikaizima. Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka nesi alinishika mkono, nami nikauchomoa kwa kisingizio cha kutafuta karatasi.

Nilifunga duka jua likiwa bado juu. Nilitembea hadi Maisaka kwa miguu, na njiani kila nilichokumbuka kilikuja kikiwa kimegeuzwa upande mwingine. Pale karibu na spika: niliwekwa pale ili spika inimeze. Zile mara ambazo mwalimu alisema, "Sauti ya pili, mwimbe taratibu zaidi," huku akitazama dirisha. Ile siku waliyonipa kazi ya kurekodi rasmi, wakasema fundi ni bora akae kwenye mashine, asisimame na kwaya kila Jumapili, asichoke. Nilikuwa nimewashukuru. Nilikuwa nimetoa hotuba.

Nyumbani nilimuuliza mume wangu kabla hajavua viatu.

"Mimi naimba vizuri au vibaya?"

Alisimama na kiatu kimoja mkononi. "Mimi muziki siujui," akasema.

"Sikuuliza kama unaujua."

"Ukiwa jikoni nafurahi kukusikia," akasema, na alisema kweli, lakini alikuwa amechelewa kujibu, na mimi nilikuwa nimeshazoea kusikia kuchelewa.

Sikwenda mazoezini wiki ile wala iliyofuata. Nilituma ujumbe kwamba binti ana homa, kisha nikaona haya nyingine juu ya ile, kumsingizia mtoto mzima homa. Pale dukani nilikuwa nikiona mwanakwaya anakuja kwa mbali najifanya nimeinama chini ya meza natengeneza waya. Kilichoniumiza kuliko kuimba vibaya ni yale majicho niliyowatolea wale kinamama wawili. Mmoja wao, yule wa vitenge, alikuja kuniletea ndizi kwa sababu amesikia mtoto anaumwa.

Mwalimu alikuja nyumbani Jumamosi moja alasiri. Nilikuwa uani nachambua mboga. Nilimwandalia chai, akainywa yote ndipo akaanza kuzungumza.

"Nimekuja kukuomba radhi," akasema.

"Mwalimu, mimi ndiye niliyewaharibia."

"Sikiliza. Nilikusikia siku ya kwanza. Noti ya kwanza tu. Lakini ulikuja umebeba mtoto, ulikuwa hujui hata njia ya kurudia, na ulisema hujapata mtu wa kuongea naye tangu ufike. Nikasema, acha aimbe, nitamfundisha kidogo kidogo." Alizungusha kikombe. "Nilitakiwa kukuambia mwezi ule ule. Nikaahirisha. Ukipita mwaka, inakuwa vigumu. Ikipita miaka, unakuwa mwoga kabisa. Mimi nafundisha watoto, nawachapa wakikosea hesabu. Wewe nilishindwa kukuambia upandishe sauti kidogo. Kwa hiyo aibu hiyo usiibebe peke yako."

Nilitaka kumwambia amenifariji. Ukweli ni kwamba ilinichoma zaidi, kujua kwamba huruma ndiyo iliyokuwa imeniweka pale muda wote. Lakini nilimwona mtu mzima amekuja kwa baiskeli kwenye vumbi kuniambia vile, nikamjazia kikombe tena.

"CD tunafanyaje?" nikamuuliza.

"Wewe ndiye fundi," akasema.

Nilirudi dukani Jumatatu, nikakaa na sauti yangu. Niliandika plagini mpya ya kunipunguza, ile ya kupandisha nikaigeuza kichwa chini. Ilifanya kazi, kwa kiasi. Kila nilipojishusha, nesi aliyesimama ubavuni mwangu alishuka pamoja nami. Maiki ilikuwa moja, na sauti mbili zikishaingia kwenye maiki moja hazitoki kila moja na mzigo wake. Nikijitoa mimi, ile sauti yake safi ilibaki kama inatoka ndani ya debe. Nilijaribu kwa kila namna niliyoijua. Mwishowe nikampigia simu nikamweleza.

"Basi tuache wote," akasema. "Mimi sijali."

"Mimi najali," nikasema.

Ikabidi sauti ya pili iimbwe upya. Tulikutana ukumbini, viti vikiwa vimepangwa ukutani, hakuna watu. Kinamama wa sauti ya pili walivaa hedifoni za kuazima ili wasikie wenzao wa siku ya tamasha, na mimi nilikaa kwenye mashine. Hakuna aliyeuliza kwa nini siimbi. Wote walijua, na walikuwa wema, na wema wao ulikuwa mgumu kuutazama. Mke wa mhasibu alikohoa akasema tuanze. Nikanyoosha kidole kuwapa ishara, nikabonyeza.

Waliimba. Mstari ule nilioimba miaka ile yote, nilikuwa sijawahi kuusikia nikiwa nje yake. Ulikuwa mzuri. Neno la mwisho la kila mstari lilifungwa pamoja, kama mlango mmoja. Nilikuwa nimeinamia mashine ili wasione uso wangu, na midomo yangu ilikuwa inafuata maneno bila sauti.

Nilichanganya ile sauti mpya na za siku ya tamasha. Nikaongeza mwangwi kidogo ili isisikike kwamba ukumbi ulikuwa mtupu. Nikaacha vigelegele. Mwisho wa kila wimbo nikayafifisha makofi kwa ile plagini ya kwanza, wanaume kwanza, kinamama baadaye. Lile neno langu kwa binti nililikata. Nilicheza CD nzima kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kupata kosa la kurekebisha. Sikuwa na hamu ya kuisikia tena.

Ilipendwa. Redio ya mjini ilicheza nyimbo mbili, na saluni za pale sokoni ziliipiga hadi ikachuja. Kwenye kwaya nilibaki kuwa fundi. Mwalimu alijitolea kunifundisha baada ya mazoezi, noti moja moja, akibonyeza kinanda na kusubiri, na sasa alikuwa ananiambia: "Chini. Bado chini. Panda. Hapo." Nilikuwa natoka jasho. Nilipata nafuu, ila sikupona. Baada ya muda mrefu walinirudisha mstarini kwa nyimbo zile nyepesi, na siku hizi nikiimba najisikia kwanza, jambo ambalo limeniondolea raha ya zamani na sijui kama nitaipata tena.

Siku moja, mwaka wa baadaye, nilikuwa kwa jirani yetu mmoja tukichambua maharage ya mbegu. Alikuwa mgeni kutoka Kondoa, hakuwa wa kanisa letu. Aliweka ile CD kwenye redio yake. Nilitaka kusingizia nimeacha moto jikoni nitoke, kama nilivyokuwa nikifanya majumbani kwa watu, lakini sinia lilikuwa mapajani mwangu limejaa.

"Hapa nakusikia wewe kabisa," akasema kwenye ubeti wa pili, akifunga macho kwa raha. "Hii sauti ya chini hii. Ningeijua popote."

Ningeweza kumshukuru, na mara nyingi niliwashukuru watu. Sijui kwa nini siku ile sikufanya hivyo.

"Mimi simo humo," nikamwambia. "Nilitolewa. Nilikuwa nakosea noti."

Aliacha kuchambua. "Nani alikutoa?"

"Mimi mwenyewe."

Alinitazama aone kama natania. Kisha akasikiliza tena, kichwa kimeinama upande, kwa makini kama anayetafuta sauti ya mtoto nje.

"Hapana," akasema. "Mimi nakusikia."

Sikubishana naye. Uso ulikuwa unaniwaka, nikaendelea kutoa mawe kwenye maharage, naye akanyoosha mkono akaongeza sauti ya redio.